Marehemu Aliyenipita Akicheua

Juzi, nilipokuwa nikisubiri zamu kwenye ofisi moja ya mifugo huku Garsen, mzee mmoja Muorma alikuja kuripoti kifo cha ng'ombe wake mmoja. Hereni ya ng'ombe huyo yenye namba ilikuwa imepotea, basi karani akaacha kisanduku cha namba wazi, akabonyeza "Amekufa".

Kompyuta ikaua ng'ombe wote waliosajiliwa, kuanzia kijiji cha Kulesa hadi Ndera.

Karani akampigia fundi simu. "Usipojaza namba," fundi akasema, "mfumo unatunga amri isiyochagua ng'ombe; inawapata wote."

"Nitawafufuaje?"

"Mmoja mmoja."

Mzee akaelekeza fimbo dirishani, kwa fahali wake aliyekuwa akitafuna michongoma ya ofisi. "Bwana, yule yu hai. Nipe kibali tu, nimpeleke sokoni."

"Marehemu hapewi kibali, mzee."

Mzee akaondoka akimswaga fahali wake. Ukame tumeuzoea, lakini ukame huacha mizoga. Marehemu huyu alinipita akicheua.