Mgeni Aliyebisha Redioni

Ukitaka kucheka, cheka saa hii umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Haya niliyaona mimi mwenyewe, mchana peupe, hapa mtaani Umoja, na sikuwa nimeonja hata tone.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilikuwa na kompyuta kuukuu iliyotupwa na kiwanda kimoja Industrial Area. Niliifufua, nikaiunganisha na redio, na waya nikaupandisha juu ya mabati ili nisikilize angani. Majirani walinicheka wakachoka. Lakini hebu niambie: taa zote zile ziwake huko juu, na kusiwe na mwenye nyumba hata mmoja? Mimi hilo lilikataa kuniingia.

Jumapili moja mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nimekaa na mitambo yangu kando ya mlango, Mama yuko jikoni anapika chai. Mara kelele za redio zikanyamaza, kisha spika ikagonga: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Kwenye skrini mistari ikasimama mitatu mitatu. Wacha nisikudanganye, nilitaka kupiga kelele kwa furaha.

Sasa, unatujua sisi. Mtu akibisha tunamkaribisha kwanza, habari ya yeye ni nani itakuja baadaye. Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Karibu, mlango uko wazi!"

Na mlango ukafunguka.

Akaingia mwanamume mrefu mwenye suti. Nje matope yalikuwa ya kufika vifundoni, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu kabisa. Mama akamsalimu kwa mkono, akamkalisha, akamwekea chai. Ile chai ikaacha kutoa mvuke papo hapo.

"Umetoka wapi, baba?" Mama akamuuliza.

"Mbali. Huyu kijana wako amekuwa akiuliza kama kuna mtu." Akanitaja kwa jina langu la nyumbani, lile nililopewa na marehemu nyanya.

Kisha akainuka. "Asante, Mama. Nisindikize kidogo."

Ole wangu! Kwetu mgeni haachwi aende peke yake. Mama akajifunga leso, akamfuata. Nikatazama nje ya ule mlango, na niamini ndugu yangu, ploti, ule ua wetu wa nyumba za kupanga, haikuwepo. Mvua hakuna, kamba za nguo hakuna. Ni giza na nyota tu, mpaka chini ya kizingiti.

Nikamkamata leso. "Mama, usitoke!"

"Wacha utovu wa adabu! Ni mgeni!"

Mguu wake mmoja ulikuwa umeshavuka. Nikamvuta kwa mkono mmoja, kwa ule mwingine nikang'oa waya wa redio. Tukaanguka sakafuni sote wawili. Nilipoinua macho, nje kulikuwa na matope na mvua yetu ya kawaida.

Mama yu hai, namshukuru Mungu. Mguu ule haujapata joto hadi leo, hata akiuweka kando ya jiko. Lakini hilo silo linaloniuma. Mama yule, aliyelisha watoto wa ploti nzima, siku hizi haitikii hodi ya mtu. Hata mimi mwanawe nikijitaja haisaidii, kwa sababu yule mgeni naye alilijua jina langu. Huchungulia dirishani kwanza aone kama viatu vyangu vina matope. Kukiwa na jua, navipaka tope mwenyewe kabla sijabisha.

Kwa hivyo wewe unayetafuta majirani huko juu, sikukatazi. Lakini zima hicho kidude kwanza, uende ukamsalimu mama yako, wakati bado anasema karibu.