Shemeji Alibonyeza Kabla Fundi Hajarudi

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana ndugu wa mume wangu nao wanafuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mmoja, naishi Bariadi mjini, nadarizi nembo za sweta za shule na sare za kwaya. Mume wangu alifariki mwaka jana, aliugua siku nne tu.

Zamani alikuwa karani wa pamba. Ushirika ulipolegea na kampuni za watu binafsi kuingia kununua pamba, alipunguzwa kazini, akanunua mashine ya kudarizi iliyokwishatumika. Yeye alichora kwenye kompyuta, mimi nikashona. Programu yake ya kuchorea ilikuwa ya zamani, ikagoma kwenye kompyuta mpya tuliyonunua baadaye. Basi akaweka kompyuta ndani ya kompyuta. Unafungua dirisha moja, na mle ndani unaikuta ile ya zamani na programu yake, kama vile haijahama. Akimaliza kazi hakuizima. Aliilaza tu, mchoro ukiwa wazi. "Nikiizima nitaanza kutafuta nilipoishia," alisema. Ndivyo alivyokuwa, hata kitabu cha nyimbo alikiacha kifudifudi juu ya kiti.

Siku moja kabla hajaugua alikuwa anachora, nikisogea anaziba kioo kwa mkono. "Mayo," yaani mama kwa Kisukuma chetu, "ngoja kwanza. Hiki si cha mteja." Nikacheka, nikarudi kwenye nyuzi zangu.

Tulipomaliza matanga kijijini kwao, Ngulyati, wazee waligawa vitu vyake. Koti kwa huyu, baiskeli kwa yule. Mashine wakaniachia mimi kwa kuwa ni kazi ya mikono yangu. Kompyuta wakampa mdogo wake, shemeji yangu, kwamba chombo cha kaka kinakwenda kwa mdogo. Wakaniuliza kama nina neno, nikasema sina. Nilidhani michoro inakaa kwenye mashine, kwa sababu ndiko nilikoiona ikitoka. Kumbe marehemu alikuwa akiihamisha kwa flashi, mmoja mmoja, kila kazi ilipokuja.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nikaletewa sweta, na nembo kwenye mashine hakuna. Nikaenda kwa shemeji, anakoishi na mama mkwe.

"Ilikuwa nzito hiyo, shemeji," akaniambia. "Nimeiwekea mfumo mpya. Sasa hivi ukiweka filamu haikwami hata kidogo."

Nikamwomba alifungue lile dirisha. Likakataa.

Nikamleta fundi wa mjini, mtu mzima mpole. Akaiwasha upya, akaingia kwenye mipangilio yake, akawasha kitu ambacho yale mabadiliko yalikizima. Ikagoma tena. Akasema programu inayoibeba kompyuta ya ndani imepitwa na mfumo mpya, akaweka toleo jipya. Hapo ukatokea ujumbe wa Kiingereza, akausoma mara mbili.

"Mama, mzee hakuizima hii. Aliilaza. Sasa ya nje imebadilishwa, haijui namna ya kuiamsha. Inauliza tuufute ule usingizi ili iwake upya. Tukifuta, michoro aliyoihifadhi yote utaipata. Ila kilichokuwa wazi bila kuhifadhiwa kitapotea."

Pembeni palikuwa na kipicha kidogo kama stempu, kikionyesha kioo kilivyokuwa siku ile alipoilaza. Niliona kijani, kama jani la pamba, na mwanzo wa herufi. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nikajiambia nitaiona vizuri ikifunguka.

"Msiguse," fundi akasema. "Naenda kuchukua diski nitoe nakala ya kila kitu kwanza. Nakala ikiwepo, tunajaribu bila hofu. Huenda hata tukaiamsha kwa toleo la zamani."

Akaondoka. Mama mkwe akaniita uani nimsaidie kuanika mchele. Sikukaa hata robo saa.

Niliporudi shemeji alikuwa anacheka. "Imefunguka! Imeniuliza swali, nikaijibu ndiyo. Mafundi hawa wanapenda kuzungusha watu."

Kioo kilikuwa safi. Michoro yote ipo, shule zote, kwaya zote. Ule mmoja alionificha haupo. Fundi akaingia na diski yake mkononi, akatazama, akauliza, "Nani kagusa?" Kisha akaniambia, "Pole sana, mama."

"Pole ya nini na michoro ipo?" shemeji akasema. "Au kaka alikuachia barua humo?"

Ndugu na majirani waliokuja kutazama wote wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Kicheko hicho kinanichoma kuliko maneno yake.

Fundi alinihamishia michoro, sweta nikamaliza. Shemeji anatangaza kila mahali, "Bila mimi huyu angekuwa anauza karanga stendi." Mama mkwe aliniona nimenyong'onyea, akasema, "Mayo, mtu amekufa, ndiyo utalilia picha?"

Juzi shemeji ameniletea shuka na vitambaa vya meza. Binti yake anafanyiwa sendofu Jumamosi ijayo, anataka majina ya maharusi yadariziwe. Binti hana kosa lolote, na wakati wa msiba alilala chumbani kwangu wiki nzima ili nisibaki peke yangu. Lakini nikivishika vile vitambaa mkono unakataa. Nikishona, baba yake atasimama mbele ya wageni na kujisifu kwamba yeye ndiye aliyeniinua, nami nitakaa kimya. Nikikataa, nitaitwa mwenye roho mbaya, kwa ajili ya mchoro ambao hata sijui ulikuwa wa nini. Na yeye hajui alichofuta. Habari ya siku ile aliyoniziba kioo sijamwambia mtu yeyote, ninyi ndio wa kwanza.

Wenzangu, hasa mliofiwa, nisaidieni mawazo. Nishone ninyamaze, au nimrudishie vitambaa vyake na nimwambie?