Vidonge vya Siku ya Majani

Harufu ya majani chai mabichi yakipata joto ndani ya gunia hunikumbusha vidonge vya Mama hadi leo.

Mama alikuwa akimeza vidonge vya saratani asubuhi, na kufikia saa nne mwili wote umeishiwa nguvu. Siku za kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai alishindwa hata kubeba kikapu. Daktari akakubali avimeze jioni, ili uchovu umkute kitandani. Mimi, mtoto wa darasa la tano, nikapewa kazi ya kumkumbusha.

Jioni ya siku ya kwanza ya majani nilimkuta amelala na gambuti miguuni, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Nikamtikisa.

"Niache kidogo tu, mami." Aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Nikamfunika blanketi, eti namhurumia. Nikafanya hivyo kila siku ya majani.

Tuliporudi kliniki, daktari alimwaga vidonge mezani. Vilibaki vingi mno.

"Nani anayekukumbusha?"

Nilikodolea sakafu macho. Mama akanishika mkono chini ya meza, akaubana.

"Huyu hunikumbusha kila siku, daktari. Ni mimi hukataa."