Farasi Aliyekuwa wa Pili

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Hapa Makole ninapochomelea mageti wanalijua hilo, na binti yangu alilijua kuliko wote. Wakati huo alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni kule Mpwapwa, akikimbia mita elfu moja na mia tano. Mara mbili alinipigia kwa simu ya matroni kuniambia ameshika nafasi ya pili. Mara zote mbili nilimjibu, "Wa pili ndiyo nini? Aliyekupita ana miguu mitatu?" Simu ya tatu aliomba aongee na mama yake. Alimwambia mashindano ya Jumamosi inayofuata ndiyo ya mwisho, baada ya hapo hakimbii tena.

Nikasema ni uvivu.

Wiki hiyohiyo niliingia duka la kubeti lililo jirani na karakana yangu. Mpira haukuwepo. Kulikuwa na mbio za farasi kwenye skrini, zile za kompyuta. Dada wa dirishani akaniuliza kama nataka farasi wangu ashinde tu, au nimchezee pande zote mbili, kushinda na kuingia tatu bora. Hiyo ya pili nikaiona ni ya watu wenye akili. Nikatoa elfu mbili.

Farasi wangu akawa wa pili. Nikaenda dirishani kifua mbele, nikapewa elfu moja na mia sita.

Jamani, nilifoka. Niliwaita wezi, nikapiga kaunta. Yule dada alisubiri nimalize, kisha akachukua tiketi yangu akaikunja katikati.

"Baba, hapa umeweka madau mawili. Elfu moja hii uliweka ashinde. Hajashinda, imekwenda. Elfu moja hii uliweka aingie tatu bora. Ameingia, kwa hiyo imerudi na faida yake. Ila dau la tatu bora halilipwi odi nzima, ule mgao wa mshindi, linalipwa sehemu tu."

Nilimwelewa vizuri kabisa, na kuelewa kukanizidishia hasira.

"Hata kama! Mmemwona alivyotoka nyuma? Wa pili kati ya farasi kumi! Kakimbia kwa nguvu zake zote, halafu mnamdharau?"

Kwenye benchi alikaa rafiki yangu fundi viatu, ambaye binti yangu humwita baba mdogo. Hakuinua hata macho.

"Fundi, huyo ni katuni. Binti yako je?"

Watu walicheka. Mimi nilitoka nje, nikasimama karakanani bila kuwasha mashine. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumamosi nilipanda basi la asubuhi kwenda Mpwapwa. Uwanja ulikuwa vumbi tupu. Binti yangu alikimbia vizuri mpaka mzunguko wa mwisho, kisha akapitwa, akapitwa tena, akamaliza wa nne. Kwa hesabu za yule dada wa dirishani, hapo hakuna kinachorudi. Nilikuwa nimeshangilia mpaka sauti imekauka.

Alinifuata kwenye kamba ya kuzuia watazamaji akiwa bado anahema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Nimekuwa wa nne."

"Nimeona. Nimeona na ulivyokaza pale kwenye kona."

Akaniangalia, akawa anasubiri, nadhani, yale mengine yafuate. Hayakufuata.

"Hujakasirika?"

Nililia pale pale, mbele ya walimu wake, na wala sikujificha.

Hakuacha kukimbia. Yule dada wa dirishani namshukuru kwa uvumilivu wake, na fundi viatu nimeshamwambia asante mpaka amechoka kuisikia. Lakini zaidi namshukuru binti yangu. Siku ile alikuwa ameshajiandaa kufokewa, na bado alikuja kunisalimia.