Fundi wa Vitabu na Mama Asiyekufa

Saa mbili kasorobo asubuhi, maktaba haijafunguliwa, na tayari kuna mtu anagonga dirisha la chumba cha nyuma. Mwanamke aliyeketi ndani hainui hata kichwa. Ana sindano mkononi, uzi mdomoni, na kitabu kilichofumuliwa kimelala mapajani.

"Hakipo!" anajibu huku ameuma uzi. "Kimeazimwa. Nenda kajiandikishe kwenye orodha."

Aliye nje hajauliza kitu bado. Lakini fundi huyu, ambaye wasomaji wote wanamwita Mama Gundi, hana tena subira na swali analolijua. Tangu itangazwe kwamba riwaya ya Sauti Kutoka Sayari ya Nne inatengenezewa filamu, mji mzima unataka kuisoma kabla ya kuitazama, na maktaba ina nakala moja tu. Orodha ya wanaoisubiri imefika watu sabini na wawili. Filamu yenyewe imeahirishwa mara tatu, na kila ikiahirishwa orodha inazidi kurefuka.

"Wangeitoa tu yaishe," anasema. "Hii sio filamu, huu ni uchumba usio na ndoa."

Sasa wameapa kwamba ni Ijumaa ijayo.

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Gundi ameshona na kubandika vitabu katika chumba hiki chenye meza moja, vibano vinne na feni inayozunguka ikijisikia. Vitabu kama mia sita kwa mwaka vinapita mikononi mwake, na hana msaidizi. Wasomaji anawajua kwa madhambi yao. Yupo anayekunja pembe za kurasa, yupo anayelamba kidole, na yupo aliyewahi kurudisha kitabu cha upishi kikiwa na ganda la kitunguu ukurasa wa arobaini.

"Mtu akikwambia anapenda vitabu, muangalie anavyofungua kitabu," anasema. "Wengine wanakivunja mgongo kama wanachinja kuku."

Hata hivyo hakuna kitabu kilichomsumbua kama hiki cha sayari. Kinasimulia habari za mwanamke fundi wa kuchomelea vyuma, anayesafiri kwenda sayari ya mbali kutafuta maji na kumwacha binti yake mdogo kwa bibi. Mawasiliano yanakatika. Miaka inapita, na familia inazika jeneza tupu. Halafu, katika kurasa za mwisho kabisa, redio ya zamani inakoroma na sauti ya mama inasikika: "Nipo. Mnanisikia?"

Hapo ndipo kinapoishia, na hapo ndipo watu wa mji huu wamelia kwa miaka kumi na minne.

Anayeongoza kwa kulia ni dada yake mkubwa, ambaye Mama Gundi anaishi naye. Macho ya dada yalianza kufifia zamani na sasa hayaoni herufi, kwa hiyo mdogo wake ndiye anayemsomea. Alimsomea riwaya hii kwa mara ya kwanza wiki ile walipomzika mama yao mzazi, wakati dada alikuwa amegoma kula na kutoka kitandani. Walipofika kwenye sauti ya redioni, dada alikaa kitako, akaomba uji.

"Tangu siku hiyo nimemsomea mara tisa," anasema Mama Gundi. "Akifika pale ananishika mkono. Anasema, 'Mdogo wangu, umesikia? Mama anaongea.'"

Mwezi uliopita kionjo cha filamu kikaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Picha ya mwisho ni jeneza, mvua na giza. Redio haipo. Mtengenezaji wake akahojiwa, akasema kwa majivuno kwamba wamefuata kitabu bila kubadilisha hata nukta.

Maktaba iliwaka moto. Mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenyekiti wa kundi la wasomaji, alisimama juu ya kiti katika chumba cha magazeti, mahali ambapo hata kukohoa ni kosa. "Wamemuua mama wa watu!" alifoka. "Halafu wanasema wamefuata kitabu! Kitabu gani hicho?"

Kuna msichana wa chuo aliyewahi kusema kwamba kwao, katika mji mwingine, riwaya inaishia makaburini. Mwalimu alimwambia alisoma toleo lililofupishwa kwa ajili ya wavivu.

Barua ya kulaani filamu imekwisha kuandikwa. Ina kurasa tano na saini sitini na moja, ya kwanza ikiwa ya dada, iliyowekwa kwa dole gumba. Jumatatu itasomwa kwa sauti mbele ya meneja wa jumba la sinema, kisha nakala itatumwa kwa watengenezaji. Saini moja tu haijapatikana, ya fundi, na mwalimu amemkalia kooni.

Mwandishi wa makala haya alikwenda maktaba kuandika habari nyepesi ya mji unaosubiri filamu. Saa nne hivi, baada ya kuwafukuza dirishani watu wanane, Mama Gundi aliinuka na kufunga mlango kwa ufunguo. Akafungua kabati, akatoa vitabu vitatu vipya vyenye picha ya filamu kwenye jalada.

"Vililetwa wiki tatu zilizopita nivivishe plastiki," alisema. "Mkutubi akiuliza, namwambia gundi haijakauka."

Kama aliyeitwa, mkutubi aligonga mlango. "Mama Gundi, hivyo vitabu vipya vipi? Gundi gani hii haikauki wiki tatu?"

"Hali ya hewa, bosi!"

"Hali ya hewa! Feni ninayo, jua ninalo, nina watu sabini na wawili wananila nyama, wewe unaniambia hali ya hewa!" Viatu vyake viliondoka kwa hasira koridoni.

Mama Gundi aliketi, akafungua kitabu kipya karibu na mwisho. Sura ya redio ilikuwa pale, neno kwa neno, lakini haikuwa ya mwisho. Mama anaita, na hakuna anayemjibu. Kisha ndipo yanafuata mazishi, na baada ya mazishi hakuna kitu.

Maelezo yake ni ya kifundi na ni mafupi. Miaka kumi na minne iliyopita bomba la maji lilipasuka kwenye dari na kulowesha rafu nzima. Kitabu hushonwa kwa mafungu ya kurasa kumi na sita. Alikifumua kile cha sayari, akaanika mafungu kwenye kamba, kisha akakata ukingo wa chini uliokuwa umeoza. Namba za kurasa zilikuwa huko huko chini, na sura zake hazina namba. Sura ya redio ilikuwa fungu kamili, inaanza na fungu na kuisha nalo. Alipokuwa anashona aliliona limebaki moja mezani, akaliweka mwisho.

"Sikulisoma. Fundi gani anashona bila kusoma?" Alipiga meza kwa kiganja. "Miaka yote hii nawatukana watu kwa kukunja pembe za kurasa, kumbe mimi nimekunja kitabu kizima!"

Shida yake ina pande mbili. Akinyamaza, watu sitini na mmoja wataaibika Jumatatu, na dada yake atakuwa wa kwanza kuchekwa. Akisema, atakuwa amemzika upya mama ambaye dada yake amemsikia akiongea mara tisa.

"Nimejaribu kumwambia mara nne," alisema. "Nafungua mdomo, inatoka habari ya chai."

Mwandishi alimuuliza kwa nini basi ameona rahisi kumwambia mtu wa gazeti, ambalo litasomwa na mji mzima.

"Sijaona rahisi. Lakini nikiongea mwenyewe naweza kukwepa. Gazeti lenu namsomea dada kila Jumamosi, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo, na nikiruka mstari mmoja ananidaka. Kwa hiyo andika yote. Usinionee huruma na usitie chumvi."

Ana mipango. Jumamosi hiyo hiyo mchana atakwenda kwa mwalimu wa hesabu na kitabu kipya mkononi, kabla barua haijatoka. Nakala ya zamani hataifumua. Atabandika karatasi ndani ya jalada kueleza kosa ni la nani.

Aliomba maneno ya mwisho ya makala haya yawe yake, ili ayasome kwa sauti, na mwandishi amekubali:

"Dada, usiutoe mkono wako. Yule mama alikufa. Niliyemrudisha ni mimi, kwa kukosea kushona, na ulipoomba uji nilifurahi, sikuuliza kitu. Ijumaa nitakupeleka sinema, nitakusimulia picha zote, tukamzike pamoja."