Pengo Katika Muziki wa Mfaransa

Asiyeamini aje kwangu Garissa, nitamwekea rekodi asikilize mwenyewe. Sikuota, na sikuwa na homa. Yalinipata mchana, jua likiwa kali, kule Hadado, Kaunti ya Wajir.

Mimi ni mpiga fidla. Nilijifunza Nairobi, nikaolewa na daktari wa mifugo, na alipohamishiwa Hadado kuchanja ngamia na mbuzi nikamfuata na fidla yangu. Watu walinicheka kidogo. Lakini nilikwenda na kazi. Kiongozi wa okestra moja ndogo ya Nairobi alikuwa amepata nakala za muziki wa Mfaransa mmoja, fundi mkubwa wa fidla aliyekufa zamani sana. Zilikuwa tungo ndefu tatu, fidla moja ikiongoza na okestra ikiifuata, na kwa alivyojua yeye hakuna aliyewahi kuzirekodi. Wao wangerekodi sehemu yao Nairobi na kunitumia kwa mtandao. Mimi ningepiga yangu hukohuko, nikiwasikiliza kwa hedifoni. Rekodi ingetoka na jina langu mbele. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na sikuwa na rekodi hata moja. Unaelewa basi nilivyoitaka.

Mwenye nyumba wetu alikuwa Eeddo Sahra. Eeddo ni shangazi kwa Kisomali, na sote tulimwita hivyo. Alinipa ghala lake tupu la mawe, nami nikatundika ukutani mikeka mizito ya nyumba za wafugaji ili sauti isirudi. Saa za kurekodi zilikuwa chache. Asubuhi mabati ya paa yalilia yakishika joto, jioni yalilia yakipoa, na jenereta ya kisima ilinguruma katikati. Saa saba mchana ndipo ilipozimwa, mbuzi wakalala kivulini, watu wakajifungia ndani. Hapo palikuwa kimya hadi unasikia damu yako masikioni.

Tungo mbili nilizimaliza. Ya tatu ilinishinda. Katikati yake okestra inanyamaza, fidla inabaki peke yake, na hapo Mfaransa hakuandika kitu. Bila shaka alikuwa akipajaza mwenyewe jukwaani, kisha akafa napo. Wiki tatu nzima nilijaribu kutunga cha kuziba pengo lile, nikatoa vitu vya kitoto. Kiongozi akaniandikia: isipofika Ijumaa, atampa mwingine.

Jumatano ile mume wangu alikuwa malishoni na chanjo zake. Niliwasha maikrofoni, nikavaa hedifoni, nikapiga mpaka kwenye pengo, nikakwama. Nikainua macho. Mwanamke alikuwa ameketi juu ya gunia, karibu na ukuta.

Sikushtuka, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Alikuwa mrefu, mtu mzima, amejifunika mtandio wa rangi ya udongo, vumbi la safari miguuni. Nilidhani ni mgeni wa Eeddo.

"Walaal," akaniita, kama mtu anayemwita dada yake, "kwa nini wewe nanyamaza hapo? Wale watu nangoja wewe."

"Watu gani?"

"Hao wanabiga nyuma yako. Wamesimama."

Niambie, ungefikiri nini? Okestra ilikuwa ndani ya hedifoni, na hedifoni zilikuwa masikioni mwangu. Nikazivua. Ghalani hamkuwa na sauti hata ya nzi. Ndipo akaanza kuvumisha wimbo, mdomo umefungwa, wala si sehemu yangu ya fidla. Alivumisha zile sauti nzito za chini za okestra, noti kwa noti, bila kukosea. Muziki ambao haukuwa na kanda wala diski popote.

"Ni wimbo wa nani?" akauliza.

"Wa mtu wa Ufaransa. Alikufa zamani."

"Alikufa hajamaliza?"

"Hapa hakumaliza."

Akatikisa kichwa kama aliyepewa habari za jirani. "Mimi nitamaliza. Wewe fuata bole bole. Lakini usiseme ni yako."

Nikasema sawa. Nilisema haraka, kama mtu anayeazima ndoo.

Akavumisha, nami nikamfuata kwa fidla. Vidole vyangu vilikwenda mahali visipopajua. Machozi yalinitoka na sikuwa na huzuni yoyote. Nilifumba macho nikiivuta noti ya mwisho, na nilipoyafumbua gunia lilikuwa tupu.

Nilitoka mbio. Ghala lina mlango mmoja tu, na Eeddo Sahra alikuwa ameketi papo hapo kizingitini, akiosha vibuyu vya maziwa.

"Eeddo, yule mgeni wako amekwenda wapi?"

"Mgeni gani? Hakuna mtu amebita hapa. Nilisikia unaongea beke yako, nikasema labda ni simu."

Tukarudi ndani kusikiliza rekodi. Sauti yangu imo: "Watu gani?" Kimya. "Wa mtu wa Ufaransa." Kimya. Kisha fidla, vile vile nilivyopiga. Sauti ya mwanamke haimo kabisa. Eeddo akafukiza ubani, akasoma Ayatul Kursiy, akanishika mkono. "Futa, mwanangu. Futa sasa hivi."

Sikufuta. Alhamisi niliituma. Kiongozi akanipigia simu, sauti inamtetemeka. "Hapo katikati, nani ametunga?"

Nikaliona jina langu mbele ya rekodi. Nikasema, "Mimi."

Rekodi ilitoka na ikasifiwa. Sasa wananitaka niandike noti za pengo lile ili na wengine wapige. Siwezi. Nasikiliza, naandika mstari mmoja, na kesho yake nilichoandika si wimbo tena. Na kila siku saa saba, popote nilipo, okestra inaanza, bila hedifoni, bila kompyuta. Inapiga hadi kwenye pengo, inasimama, inangoja. Nasikia viti vikilia. Nasikia mtu akikohoa, mwingine akifunua karatasi. Siku nyingine wanangoja hadi alasiri.

Tulihamia Garissa. Daktari wa hospitali alinipima masikio, akasema ni mazima. Saa saba ikikaribia najipeleka soko la mifugo makusudi, katikati ya ngamia na madalali, na bado nawasikia. Nilikiri kwa kiongozi kuwa kipande si changu. Akacheka, akidhani najishusha. Mara mbili nimerudi Hadado kuuliza kisimani habari za mwanamke mrefu wa mtandio wa udongo. Hakuna anayemjua.

Wewe unayefanya kazi peke yako mahali palipotulia, nakuomba unisikie. Akija usiyemjua akakupa kilichokushinda, shika sharti lake. Na ukiulizwa ni cha nani, hata kama hukuuliza jina lake, sema hujui. Ni neno fupi, na lilikuwa mdomoni mwangu, nikalimeza.