Herufi za Kipa

Kila wachezaji wanapouzwa na kununuliwa, mashabiki hubishana mlangoni mwa mama mmoja wa mtaa wa Katuba, mshonaji wa majina ya jezi. Safari hii ni kipa.

"Mama, utoe jina ya gardien, balisha kumuuzisha!"

"Na huyu mupya iko na mikono ya sabuni. Bangepandisha ule wa ba-junior!"

Mshonaji hufumua herufi za jezi moja moja kwa wembe, taratibu kama anayemtoa mtoto mwiba, kisha huzitia kwenye kopo la maziwa.

Jumatatu moja kipa yule aliyeuzwa alirudi akichechemea, hana timu, amevaa jezi isiyo na jina. Mashabiki wakampisha mlangoni. Mshonaji akaipokea jezi bila kumuuliza jina, akafungua kopo. Herufi zake zote saba zilikuwemo, zimefungwa pamoja kwa pini.